Mstari Ulionyooka Kupita Kiasi

Mimi ni mwana wa seremala wa Pangani, na kabla sijajua kusoma khati yoyote nilikwisha kujua kusoma mbao kwa pua, kwani marehemu baba yangu hakuwa na subira na mtoto aliyeagizwa mkulo akaleta mvule, naye alikuwa na desturi, jioni kazi zikiisha, ya kunifunga macho kwa kilemba chake na kunisogezea puani maranda ya mti huu na ya mti ule, mpaka niutaje kila mmoja kwa jina lake: mkulo wenye harufu ya kafuri, msaji unaonuka kama ngozi iliyotiwa mafuta, na mtarakwa, ambao ukali wake na utamu wake huja pamoja, kama sanduku la bibi harusi lililofunguliwa baada ya miaka mingi. Mbao za mkulo na za mtarakwa zilitoka milimani. Mlima gani, na nani aliyezikata, na zilishukaje, hayo hayakunipitia akilini hata siku moja. Kwangu mimi mbao zilitoka kwa mwenye lori, kama vile samaki watokavyo kwa mwenye ngarawa.

Mwaka 1971 nilihamishiwa shule moja iliyo pembezoni mwa msitu wa Shume, katika Wilaya ya Lushoto, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila ya kubisha hodi na mtu wa pwani hulala na koti juu ya blanketi mbili. Mwalimu mkuu wetu, ambaye alikuwa amelitia moyoni neno la Elimu ya Kujitegemea tangu lilipotangazwa mwaka 1967, alitaka wanafunzi wa madarasa ya juu waandike habari za mahali pao wenyewe: nani alitangulia kukaa, nani alikata miti, na kwa nini msitu unaanzia pale unapoanzia wala si hatua mia mbele yake. Kazi hiyo akanikabidhi mimi, akisema kwamba mwenyeji huona haya kuuliza jambo analotazamiwa kuwa analijua, ilhali mgeni huuliza lolote akasamehewa. Alikuwa amesema kweli, lakini sikumfuata. Badala ya kuuliza watu, nilianza na karatasi, kwa kudhani kwamba karatasi haitanicheka.

Likizo ya Desemba niliteremka Dar es Salaam kutafuta ramani. Ya kwanza niliinunua katika duka la ramani la Serikali kwa fedha ambazo mke wangu aliziwekea makusudio mengine. Ilikuwa ya kipimo cha 1 kwa 50,000, ambacho sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya nchi, nayo ilikuwa kazi ya ile idara ya upimaji wa makoloni ambayo Waingereza waliianzisha kwao mwaka 1946. Hiyo ilitengenezwa kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka ndegeni, na kwa uzuri wa mistari yake ya miinuko, iliyojikunja na kukaribiana kama vidole vya mtu aliyefumba ngumi, sijaona mfano wake. Lakini anayeitumia ndani ya msitu hana budi kukumbuka kwamba ndege iliona vilele vya miti na haikuona ardhi iliyo chini yake, na kwamba kijito kinachopita kizani kati ya mikulo huenda kikawa kimeachwa nje ya karatasi pasipo nia mbaya ya mtu yeyote.

Ya pili haikuwa ya kununuliwa. Ilinibidi kuitazama mahali ilipohifadhiwa, mikono yangu ikiwa imekaguliwa kwanza kama ya mtoto anayekwenda kula. Hiyo ni ile ramani kubwa ya nchi yetu ya zama za Wajerumani, ya kipimo cha 1 kwa 300,000, iliyoanzwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na kutolewa Berlin karatasi moja baada ya moja hata zikatimia 29, mbali na vipande vya nyongeza. Wale waliochora hawakuwa wamekanyaga njia zote walizozichora. Walikuwa wakipokea madaftari ya wasafiri na askari na wamishonari, wakiyalinganisha na kuyasuluhisha, kama kadhi asikilizavyo mashahidi wanaohitilafiana. Na msafiri wa siku hizo alipimaje? Alikwenda kwa miguu, saa mfukoni na dira mkononi, akiandika kila mara amegeukia upande gani na ametembea dakika ngapi, na alipofika kambini alichemsha maji ili ajue, kwa kadiri ya joto yanapochemkia, amepanda kiasi gani kutoka baharini. Namna hiyo ndivyo walivyofanya kazi watu kama Oscar Baumann, aliyeizunguka Usambara mwaka 1890 na kutoa kitabu na ramani zake mwaka uliofuata. Basi ukiitazama ramani ya aina hiyo kwa makini utaona kwamba majina na vilima vimejazana kandokando ya nyayo za mtu, na ukitoka hapo kidogo tu unaingia katika weupe. Na weupe huo, ambao mimi siku ya kwanza niliutafsiri kuwa ni nyika tupu, mara nyingi maana yake ni kwamba msafiri hakupita huko, labda kwa mvua, labda kwa sababu wapagazi walikataa.

Wanafunzi wangu niliwanakilia majina machache kutoka katika karatasi hiyo, nayo yaliwafurahisha kuliko nilivyotarajia. Walipoona Kilimandscharo, na Udschidschi, na msitu wao wenyewe umeandikwa Schume, walitaka kujua kama Wajerumani walikuwa na herufi za bure zilizowazidi. Nikawaeleza kwamba kila taifa husikia kwa masikio yake na kuandika kwa desturi yake, na kwamba mtu anayetafuta kijiji katika faharasa ya Kijerumani asipojua kuwa sauti ya "j" yetu huandikwa kwa herufi nne na sauti ya "sh" kwa tatu, atakata shauri kwamba kijiji hakikuwapo. Wiki nzima madaftari yao yakawa ya Dschuma na Schabani. Baadaye tuligundua tatizo lililo kubwa zaidi kuliko herufi: katika milima ile, vijiji vingi huitwa kwa jina la mtu, Kwa fulani au Kwe fulani, na mtu huhama, au hufa na mwanawe akajenga ng'ambo ya bonde, na jina likamfuata, hata ukizilinganisha ramani mbili zilizopishana kwa miaka 40 utadhani mmoja wa wachoraji alikuwa amelewa, kumbe wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake.

Ya tatu ndiyo iliyonifedhehesha. Niliikuta katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa waliokuwamo walinikirimu chai, na chai yenyewe ililetwa juu ya sinia iliyotandikwa ramani ili isikwaruze meza. Niliinua sinia, nikaona kitambaa cha kunakilia, kile chembamba chenye nta, kimekuwa cha rangi ya kahawia kwa duara za vikombe vya miaka mingi. Kimechorwa kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, hakina jina la mchoraji wala tarehe, na pambizo, ambamo ndimo mtu hutakiwa kutazama kwanza kabla ya kutazama tumbo la ramani, imeliwa na mende. Kipimo tu ndicho kilichosalimika, 1 kwa 100,000, na majina mawili matatu ya Kijerumani. Nilipouliza kama naweza kukinakili, wakaniambia nikichukue kabisa, nao wakatandika gazeti.

Hapa nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji asiyeijua nchi ile, kwa nini mtu alijisumbua kuuchora msitu huo kwa wino wa rangi mbili. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikajikokota kwa upungufu wa fedha, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha fika Moshi. Reli ikipita chini ya mlima, mlima hupata bei. Juu huko Shume kulikuwa na misitu ya mitarakwa na podo, na mtarakwa ni mti ulionyooka, usioliwa na mchwa kwa urahisi, na ambao, kwa ulaini wake unaokubali kisu, ulitakiwa Ulaya kwa kazi ya kalamu za risasi. Kampuni ya Wilkins na Wiese ikapata ruhusa ya kukata, ikajenga kinu cha mbao mahali ilipopaita Neu-Hornow. Lushoto nayo siku hizo ikiitwa Wilhelmstal, na mwaka 1904 ilikwisha tolewa sheria ya kuhifadhi misitu, ambayo iliipa serikali mamlaka ya kuchora mpaka na kusema: ndani ya hapa ni msitu. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka milima, wakalifuta jina la Wilhelmstal, lakini mipaka ya misitu hawakuifuta. Waliipaka chokaa upya.

Sasa katika kitambaa changu cha sinia, kati ya Neu-Hornow na stesheni ya Mkumbara iliyoko chini kwenye reli, palikuwa na mstari mwekundu, na mstari huo ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Niliupima: sentimita 9. Kando yake paliandikwa neno refu ambalo mkunjo wa kitambaa ulikuwa umelila kichwa, likabaki mkia tu, nao ulikuwa "bahn". Nilitafuta katika kamusi nikaona kwamba bahn ni njia. Furaha yangu haikuwa na kifani! Nilikuwa nimegundua barabara ya zamani ya magogo, kilomita 9, ambayo hapana mwalimu aliyepata kuitaja, na nikaona kwa macho ya moyo jinsi darasa langu litakavyoitembea, wakiimba, mpaka wakanunue machungwa stesheni.

Mtoto wa seremala, aliyefundishwa kwamba hapana mstari ulionyooka katika ubao wowote mpaka mtu aunyooshe kwa randa, ilimpasa kutanabahi. Tena nilikuwa na ramani ya Waingereza, ambayo mistari yake ya miinuko mahali pale imesongamana hata wino umekuwa doa moja. Kila njia ya miguu katika milima ile huenda kwa kupinda, ikitafuta mgongo wa kilima, ikikwepa mwamba, ikipumzika penye maji. Lakini niliyempenda alikuwa mstari wangu, na mapenzi ni kitu cha ajabu.

Jumamosi moja saa 2 asubuhi niliondoka na wavulana wawili wa darasa la saba, tukiwa na viazi vitamu vya kuchemsha na ile dira ya shule ambayo sindano yake ilihitaji kupigwa kofi ndipo izunguke. Tulitoka msituni karibu na saa 6, na mara nchi ikakatika mbele yetu. Chini, mbali sana, ilitandaa nyika ya Mkomazi, ya rangi ya ngozi ya simba, na reli ndani yake ilikuwa kama uzi uliodondoka. Ng'ambo yake milima ya Upare, buluu. Tofauti ya juu na chini ni kiasi cha mita 1,500, na mstari wangu ulisema tupite hapo hapo. Mvulana mdogo wa wale wawili akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, hapa hata mbuzi hapiti." Nami nikamjibu, na maneno haya yamenisumbua kwa miaka mingi, kwamba ramani haisemi uongo.

Tuliteremka kwa makalio. Sitaieleza siku hiyo kwa urefu. Yatosha kusema kwamba tulifika penye ukingo wa mwamba usio na mbele wala pembeni, tukarudi kwa kushika mizizi, ukungu ukatukuta njiani, na saa 3 za usiku tulikutana na watu wenye taa za chemli wakituita majina yetu msituni. Mama wa yule mvulana mdogo alimshika mwanawe mkono akaenda naye, hakuninenea neno. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Kesho yake jioni nilikwenda kuomba radhi kwa mkubwa wa nyumba ile, ambaye ni babu wa mtoto, mzee aliyezaliwa, kwa hesabu yake mwenyewe, miaka michache kabla ya gari la moshi kufika Mombo. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anaota moto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani, kuna baridi. Naambiwa jana mmetembea mpaka mwisho wa dunia."

Nilitoa kitambaa changu nikakitandaza juu ya mkeka, nikamwonyesha mstari mwekundu, nikamweleza kwamba nilidhani ni barabara. Mzee hakujua kusoma, na nilikuwa nikiona taabu jinsi ya kumfafanulia kilichoandikwa. Lakini nilipomtajia tu mstari ulipoanzia na ulipoishia, alipiga kofi paja lake akacheka hata akakohoa, na mkewe akaja kutazama kuna nini.

"Mwalimu," alisema alipopata pumzi, "hiyo ni njia ya magogo, si njia ya watu. Gogo halina miguu, halina haja ya kona. Hiyo ilikuwa njia ya waya!"

Ndipo nilipojifunza kutoka kwake, na baadaye kuhakikisha katika vitabu, kwamba kampuni ile ya mbao ilikuwa imeweka waya wa chuma kutoka Neu-Hornow hadi Mkumbara, kazi ya kiwanda cha Bleichert cha Leipzig, uliopita juu ya nguzo kwa kiasi cha kilomita 9, na mbao zikaning'inizwa na kuteremshwa hewani mpaka kwenye mabehewa. Neno lililoliwa na mkunjo lilikuwa Drahtseilbahn. Mchoraji wangu asiye na jina hakusema uongo hata chembe. Alichora kitu kilichonyooka kwa sababu kilikuwa kimenyooka. Uongo niliutia mimi nilipoona mstari nikaujaza miguu yangu.

Mzee akataka kujua kama katika kitambaa kile yamo mazizi. Nikauliza mazizi gani. Akaniagiza nisogeze mkeka, akafagia sakafu ya udongo kwa kiganja, akachota majivu akayamwaga kwa mstari uliopindapinda, akasema huo ndio ukingo wa mlima. Akaweka ukuni kuwa kijito. Kisha akamwita mjukuu amletee gunzi la mahindi, akalipukusa, na kwa punje za mahindi akaanza kuujaza msitu ambao katika ramani zangu zote tatu ulikuwa rangi moja tu, hauna neno ndani yake: punje hii, zizi la Wambugu wa ukoo fulani; hii, mahali pa chumvi ya ng'ombe; hii, uwanda wa majani ambapo yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alitumwa kubadilisha maharage kwa siagi. Kwani kabla ya vinu na mipaka, Wambugu, ambao ni wafugaji na ambao wana lugha yao wenyewe yenye maneno yasiyo ya Kibantu, walikuwa wakilisha ng'ombe zao huko juu katika mianya ya msitu. Aliyechora ramani ya mbao alihesabu miti. Ng'ombe hakutumwa kuwahesabu.

Nilijaribu kuilinganisha sakafu na kitambaa, nikashindwa, mpaka nilipotambua kwamba mzee hana habari na kaskazini. Yeye alikaa kama mtu wa mlimani akaavyo, mgongo kwenye Shambalai yao, yaani milima ya Usambara, na uso kwenye nyika, na kwake yeye nyika ni chini, na chini ya nchi ni chini ya ramani. Basi nikakizungusha kitambaa robo ya duara, kaskazini ikaenda mkono wa kushoto, na mara kila kitu kikalala mahali pake, ukingo juu ya ukingo na kijito juu ya kijito, nami nikasikia nywele zikinisimama. Masafa yake pia hayakuwa ya sentimita. Kati ya punje na punje alihesabu mapumziko: mtu mwenye mzigo wa mbao kichwani hupumzika mara ngapi toka hapa hata hapa. Penye mteremko mkali punje zilikuwa mbalimbali, penye tambarare zilikuwa karibu, ingawa kwa rula umbali ulikuwa sawa; na ukitaka kujua historia ya watu waliobeba, sijui ni kipimo gani kilicho bora kuliko hicho.

Nilikuwa bado natafuta daftari langu mfukoni, kuku wa nyumba alipoingia, akatembea katikati ya karne moja ya habari kama mkaguzi, akadonoa mazizi mawili. Nilipiga kelele. Mzee hakushtuka, alichukua punje nyingine mbili akaziweka. Lakini moja aliiweka pahala pengine, kiasi cha upana wa vidole vinne toka pale pa kwanza, na mimi, kwa ile tabia ya walimu, nikamwambia kwamba amekosea, zizi hilo lilikuwa hapa.

"Lilikuwa hapo," alisema. "Majani yalikwisha, wakahamia hapa. Wewe unataka la mwaka gani?"

Sikuwa na jibu, maana hata siku moja sikuwa nimeliuliza swali hilo kwa ramani yoyote. Tangu hapo, nikipewa ramani ya zamani, hata kabla ya kuitafuta Pangani yangu ndani yake, huuliza la mwaka gani: ilichapwa lini, na aliyepima alipita lini, kwani mara nyingi kati ya mawili hayo imepita miaka 10 au zaidi, na msitu uliochorwa kuwa umesimama huwa umekwisha kuwa mataruma chini ya reli.

Miezi iliyofuata kazi yetu iligeuka. Wanafunzi walikwenda kwa babu na bibi zao wakiwa na magunzi ya mahindi, na tulikubaliana kwamba kuku wafungiwe. Tulisoma pamoja sehemu za Habari za Wakilindi, kile kitabu ambacho Abdallah bin Hemedi alikiandika kwa Kiswahili juu ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, na juu ya watawala wa Vuga waliomfuata, na tukaona kwamba mwandishi huyo, ambaye hakuchora hata mstari mmoja, huonyesha njia vizuri kuliko wapimaji, kwa kuwa husema nani alilala wapi na nani alimwogopa nani njiani. Bwana miti wa mahali pale alitukopesha kamba ya kupimia, akatuonyesha bikoni za mpaka wa msitu. Wazee nao wakatuonyesha masale, yale majani yapandwayo mipakani, yaliyokuwa bado yanaota ndani ya msitu wa Serikali, hatua nyingi nyuma ya bikoni. Hilo tuliliandika kama lilivyo. Mwalimu mkuu aliposoma alinyamaza kitambo, akaniuliza kama nina hakika na hesabu ya hatua, nikamwambia wamehesabu wanafunzi wanne kwa siku mbalimbali, akatia sahihi.

Siku ya mwisho kabla ya mvua za masika, mzee alisema anataka kutuonyesha waya uliposimama. Tulikwenda mwendo wa nusu saa, ukamchukua yeye saa moja na nusu, kwa fimbo, na wanafunzi 30 nyuma yake wakitembea polepole kuliko walivyopata kutembea maishani mwao. Ndani ya kichaka, karibu sana na mahali mimi nilipoteremkia kwa makalio, alisimama akapigapiga chini kwa fimbo mpaka ikalia. Walifyeka kwa mapanga. Lilitokea jiwe la saruji, pembe nne, limevikwa ukoka na kuvu, na katika pembe zake vimechomoza vyuma vinne vilivyoliwa na kutu hata vimekuwa kama vijiti vya mdalasini. Juu ya saruji ilikuwa imebaki alama ya ubao wa kufinyangia, na katika alama hiyo uliweza kuona nyuzi za mti, zimepigwa chapa humo kama kidole katika nta. Nilipiga magoti nikazipitishia kucha, nami nilizijua. Zilikuwa zimekaribiana, zimenyooka, hazina fundo.

Mzee alitusimulia jinsi walivyokuwa wakilala chali majanini, yeye na watoto wenziwe, wakitazama mbao zikipita juu yao zikienda bila ya mtu, na jinsi waya ulivyolia, sauti ya nyuki waliofungiwa mzingani, hata usiku mtu akaisikia kitandani akajua kinu kingali kinafanya kazi. Vita vilipokuja, alisema, waliamka asubuhi moja wakasikia kimya, na ng'ombe wakakataa kunywa maji.

Nilitandaza kitambaa juu ya saruji. Tulipima kwa dira, safari hii kwa mitaa miwili na kilele kimoja tunavyovijua, na msichana mmoja mwenye mkono mtulivu akatia nukta juu ya mstari mwekundu. Mzee aliinama akataka kuiona. Nukta yenyewe haikuwa kubwa kuliko jicho la sisimizi. Aliitazama, akatazama jiwe tulilolisimamia watu 30 na zaidi, kisha akamwomba yule msichana kalamu yake ya risasi. Nilidhani anataka kuongeza kitu. Aliishika kwa vidole viwili, akaipeleka puani, akafumba macho.

"Mwangati," alisema, ambalo ndilo jina la mtarakwa kwa Kisambaa. "Huu ni mti wetu."

Akampa mjukuu wake anuse, na mjukuu akampa mwenziwe, ikazunguka darasa zima. Iliponifikia mimi nilinusa kama nilivyofundishwa. Ilikuwa kalamu ya rangi ya manjano, na ubavuni mwake, kwa herufi ndogo za dhahabu, palikuwa pameandikwa kwamba imetengenezwa Uchina. Niliigeuza ili maandishi yaelekee kiganja changu, nikamrudishia mtoto.